Sauti ya Mshamu

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu za mkononi zilikuwapo, palikuwa na redio ya mji mdogo yenye mafundi watatu: Nyange, Mbaruku na binti mmoja mwangalifu aitwaye Sikitu. Huyo Sikitu ndiye ninayemwonea huruma zaidi, na mkisema napendelea, semeni.

Nyange ndiye aliyejenga. Alileta seva mbili, zile kompyuta kubwa, akaigawa kila moja ndani kwa ndani ikafanya kazi ya kompyuta nyingi: hii ya matangazo, hii ya habari, hii ya kanda za zamani. Mafundi huziita mashine pepe. "Seva moja ikizima, ya pili inapokea mashine zake zote. Laleni usingizi!" alisema. Lakini seva zote mbili zilihifadhi vitu vyake katika sanduku moja tu la diski.

Sikitu ndiye aliyenakili. Kila siku, bila kukosa, alitoa nakala ya akiba. Akaiweka wapi? Humo humo sandukuni, jamani! Diski ya nje ilikuwa imejaa, akajiambia atatafuta nyingine Ijumaa azihamishe nakala huko. Ijumaa ikaja na mambo yake, ikaja nyingine, ikaja nyingine.

Mbaruku ndiye aliyelinda. Siku moja diski moja ikafa. Sanduku lile lilistahimili kufa kwa diski moja, si mbili, kwa hiyo likaanza kulia: pii, pii, pii! Mlio ukaingia hadi kwenye kipaza sauti, watu wako hewani. Mtangazaji akafoka, "We Mbaruku, hebu zima hicho kitu!" Mbaruku akazima mlio, akanuia kubadilisha diski kipindi kikiisha. Kipindi kikaisha, naye akasahau.

Siku ya tisa ikafa diski ya pili. Kanda zote zikapotea, na nakala za Sikitu pamoja nazo.

Sasa sikilizeni. Katika kanda hizo ilikuwamo sauti ya marehemu Mshamu, aliyekuwa mtangazaji wa salamu za asubuhi. Mama yake, Bi Kidawa, huja kila mwaka siku aliyofariki mwanawe, akamsikiliza. Hana sauti yake nyingine popote. Na siku ya kuja ilikuwa hiyo hiyo. Watu wa mapokezi hawakujua kitu, wakamkalisha, wakampa vile vya kuvaa masikioni.

Sikitu alimchungulia mlangoni, akamwona amevaa kanga mpya, machozi yakamlenga.

Nyange akasema, "Mimi niliomba sanduku la pili, nikanyimwa. Na diski ilipolia nilikuwa safarini. Nani aliinyamazisha?"

Mbaruku akasema, "Niliinyamazisha, sikatai. Lakini nilijua nakala zipo. Ningejua ziko humo, ningeiacha ilie mpaka kesho!"

Sikitu akasema, "Niliwaambia zipo, wala hamkuniuliza ziko wapi." Hapo hapo akaona haya. Ijumaa zile alizihesabu moja moja moyoni, na katika kila moja alikuwa na nafasi ya saa nzima. Laiti angeinuka siku moja tu akazihamisha zile nakala!

Sauti ya Bi Kidawa ikaja toka kitini: "Wanangu, nimeshavaa. Mbona simsikii?"

Watatu wakatazamana, hakuna aliyeinuka. Haya, wenzangu, mliowasikia wote: je, nani alistahili kwenda kumvua vile vya masikioni, akamwambia?