Ufa wa Nyumba ya Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Sema wewe, sisi ni masikio.

Basi, palikuwa na mama mmoja mjane na binti zake wawili. Mkubwa aliitwa Sikuzani, mdogo aliitwa Mashavu. Mwaka huo mvua iligoma. Watu walikula mizizi, wakala magome, wakalala na njaa. Wale mabinti walikonda hata kanga zikawa hazikai kiunoni.

Siku moja walikwenda mbali kuchimba mizizi. Wakasikia harufu ya nyama inayochemka. Wakaifuata, wakaifuata, wakaifuata, mpaka kwenye mlima wa mawe. Ndani ya jiwe kubwa mlikuwa na nyumba, na mlango wake ulikuwa ufa tu, mwembamba. Kwa vile walivyokonda, walipenya bila hata kukwaruzwa.

Ndani alikaa zimwi. Msidhani alikuwa na pembe. Alikuwa na kanzu safi na sauti ya upole, kama babu wa mtu.

"Karibuni, wajukuu zangu," akasema. "Kuleni, kuleni, chakula hapa hakiishi."

Sikuzani akasema, "Shikamoo, babu. Tunaomba kidogo tu, tumpelekee na mama."

"Mtampelekea mkipata nguvu. Kuleni kwanza."

Akaweka sinia la wali, nyama na mboga. Wakala mpaka wakashindwa kuinuka. Sinia likajaa tena lenyewe, kwa uchawi wa mwenye nyumba. Asubuhi wakala. Mchana wakala. Jioni wakala. Kila wakitaja kwenda nyumbani, zimwi aliwajibu, "Kuleni, kuleni, chakula hapa hakiishi." Na kusema kweli, hawakutaja mara nyingi.

Siku moja zimwi alikwenda kuwinda. Yeye alipotaka kupita, jiwe lilifunguka. Akishapita, lilijifunga, ukabaki ufa ule ule. Sikuzani akasema, "Mdogo wangu, twende kwa mama." Akatia bega kwenye ufa. Bega likakwama. Mashavu akajaribu, naye akakwama.

"Mlango umepungua," akasema Mashavu.

"Mlango ni ule ule," akasema Sikuzani. "Sisi ndio tumeongezeka."

Jioni ile wakamsikia zimwi huko nje akizungumza na ndugu zake. "Mwezi mpya ukiandama, njooni wote. Ninao wawili, na wananona vizuri."

Basi wakalia mpaka machozi yakakauka. Kisha Sikuzani akasema, "Tulinenepa kwa kula, tutapungua kwa kula. Tule kidogo. Wali uwe kama ngumi yako, nyama kipande, mboga ndiyo ujaze. Kinachobaki tukitupe kwenye shimo la panya, zimwi aone sinia tupu."

"Kidogo kidogo hivyo tutafika lini?" akauliza Mashavu. "Mimi sili kabisa. Nitatoka kabla yako."

"Usipokula utaishiwa nguvu."

"Wewe pima ngumi zako. Mimi nimeshaamua."

Basi Sikuzani akawa anakula ngumi yake, anatafuna taratibu, anaacha. Njaa ilimuuma, lakini haikumwangusha. Alijifunga kanga juu ya kanga ili zimwi asigundue kwamba anapungua.

Mashavu hakuweka kitu mdomoni. Alikunywa maji, akalala, akaamka anatetemeka. Macho yakaingia ndani. Halafu siku moja harufu ya wali ikamshinda. Akala sehemu yake, akala ya dada yake, na sinia lilipojaa tena akalimaliza tena.

Sikuzani alimkuta anaramba vidole. Badala ya kukaa naye, akacheka. "Tumbo lako halina adabu," akamwambia. "Nilikuambia."

Kesho yake Mashavu akafunga tena, kwa hasira. Akafunga, akashindwa, akala kwa kujificha. Akafunga tena, akashindwa tena, akala kwa kujificha. Kila akishindwa, alikula zaidi ya mwanzo. Akawa anakwenda kula nyuma ya mitungi, mgongo ukiwa umeelekea kwa dada yake. Sikuzani alimsikia akitafuna. Alisema moyoni, atajua mwenyewe.

Zimwi naye akawa anapita na sinia. "Kuleni, kuleni, chakula hapa hakiishi."

Siku zikaenda. Sikuzani akajaribu ufa: bega likapita. Akangoja, akajaribu tena: kifua kikapita. Siku ya kuandama mwezi, zimwi alipotoka kuwapokea ndugu zake, akajaribu tena: nyonga zikapita. Akajikuta nje, kwenye jua.

"Mashavu, njoo. Upesi, mdogo wangu."

Mashavu akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akaingiza kifua. Kiuno kikakwama. Sikuzani akamshika mikono akamvuta, akamvuta, akamvuta. Mashavu hakuwa na nguvu za kujisukuma hata kidogo. Kufunga kulikuwa kumezimaliza.

Huko bondeni sauti za mazimwi zikaanza kusikika, nyingi, zinacheka.

"Dada," akasema Mashavu, "mbona hukunizuia nilipokuwa nakula?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia mara moja. Baadaye ukawa unanicheka."

Sikuzani aliendelea kuvuta. Kisha zimwi akatokea mbele ya ndugu zake, jiwe likamfungukia, akamshika Mashavu kiunoni. Alikuwa wa upole hata hapo. Alisema, "Rudi ndani, mjukuu wangu." Akaingia naye, jiwe likajifunga.

Sikuzani akakimbia kabla mazimwi wengine hawajafika. Nguvu za kukimbia alikuwa nazo, kwa sababu kila siku alikula ngumi yake. Hilo ndilo lililomuuma njia nzima.

Alimkuta mama yake jikoni, anachemsha mizizi. Mama akamtazama, akatazama nyuma yake, akaona njia tupu. Sikuzani akamweleza yote, bila kuficha hata kile kicheko.

Mama akaepua chungu. Kisha akauliza, "Mlikuwa kwenye nyumba moja?"

"Ndiyo, mama."

"Sinia moja?"

"Ndiyo, mama."

"Ukapima chako tu."

Sikuzani akasema, "Nilimwambia, mama."

Mama akamgawia mizizi, akampa, akageukia ukutani kula ya kwake. Mvua ilikuja mwaka uliofuata, mtama ukaota, watu wakashiba. Lakini mama na mwanawe hawakula tena kwenye chombo kimoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, wanangu, wala haina kipande kitamu nilichowafichia.

Kwa hiyo sikieni. Anayetaka kupunguza mwili asijinyime mpaka akapagawa, na asile mpaka akasahau. Apunguze kidogo, ale kwa kiasi, avumilie. Na ukiona mwenzako ameshindwa leo, usimcheke. Kaa naye, mle pamoja kile kidogo.