Mtumbwi Ulioegemea Ukuta

Tajiri Masatu, aliyehesabu hata kivuli chake kuwa mali, alijenga ukuta nyuma ya nyumba ya Bwire, akaziba njia ya ziwani. Mke wa Bwire akawa anazunguka kijiji kizima na ndoo kichwani. Bwire akaenda kumbembeleza tajiri.

"Nibomoe ukuta wangu? Labda nife!"

Bwire akarudi nyumbani. Akaanza kuunda mtumbwi wa mbao uani kwake, ubavu ukiegemea ukuta. Ulipopakwa rangi, Masatu akautolea macho.

"Umeegemea ukuta wangu, kwa hiyo ni wangu!"

"Usinionee, bosi! Hata hivyo hautoki. Kichochoro cha mbele ni chembamba."

"Nani kakwambia nitapita mbele?"

Masatu akaita mafundi, wakabomoa ukuta, mtumbwi ukaburutwa hadi majini. Kesho yake akawarudisha wazibe pengo. Wakatazamana, wakaweka karai chini.

"Tajiri, mwiko wa ziwa umeusahau?" fundi mmoja aliuliza. "Njia iliyopitisha chombo kipya kwenda majini ikizibwa, mwenye chombo anazama."

Bwire akatokea pengoni, ndoo mkononi.

"Shikamoo, bosi. Si ulisema ukuta haubomolewi, labda ufe? Nikakuonea huruma, nikakuundia mtumbwi."