Mchungwa wenye Mizizi ya Mlimau

Sogeeni, na hukumu zenu zikae mdomoni mpaka nimalize.

Karibu na Muheza aliishi mjane, Mwanamvua, mwenye mkono wa kuotesha: hata mbegu ya limau aliyoitema huchipua. Shemeji yake, Mhando, alirithi mchungwa mtamu kuliko yote kijijini. Jirani yao Chausiku alijua kubebesha miche, yaani kuunga mti juu ya mti mwingine, na kisu chake hakikutetemeka.

Ukaja ugonjwa wa kuozesha mizizi, michungwa ikafa. Mwanamvua akatoa mche wa mlimau, maana mzizi wake ni sugu. Mhando akatoa kijiti cha mwisho cha mchungwa wake kilichobaki kibichi. Chausiku akapasua shina, akachomeka kijiti, akafunga. Mlimau chini, mchungwa juu, uani kwa Mwanamvua.

Ukazaa machungwa matamu, na kijiji kizima kikataka vijiti vyake. Kwao mti una mwenyewe, hata ukisimama uani kwa mwingine. Sasa nani mwenyewe?

Mwanamvua akaanza kushuku kila kivuli. Mhando alikuja kuusalimia mti kabla ya kumsalimia yeye. Chausiku alikata kila chipukizi lililotokea chini ya kiungo, lile lenye miiba ya mlimau. Mbona unakata yangu tu, Mwanamvua akamuuliza.

"Na wewe mbona unayaacha yarefuke, shoga?" Chausiku akamjibu. "Unangoja mlimau uumeze mchungwa?"

Mwanamvua akaenda kutazama ugali wake.

Kesi ilipofika kwenye baraza la wazee, Mhando alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda: "Mtoto ni wa baba. Tunda limetoka kwenye kijiti changu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, upesi mno. Mwanamvua akajiuliza Mhando alipita nyumba ngapi jana.

"Baba huyo alikuwa anakufa, shemeji," akasema. "Mizizi yangu ndiyo iliyomnywesha maji."

Chausiku akacheka. Bila kisu chake, akasema, mmoja angekuwa na miiba, mwingine kuni.

Baraza likaamua kwamba mmoja tu ataitwa mwenye mti, na wawili wengine wasiuguse tena. Jina lenyewe likawashinda, wakatugeukia sisi.

Msiniambie wagawane. Huo mti ukiukata penye kiungo, mchungwa unakauka na mlimau unarudia miiba yake. Na wewe uliyeanza kutikisa kichwa Mhando aliposema "baba", ujieleze kwanza.

Haya, wewe ungempa nani?