Kwandu, Minza na Hisa za Mama Yao

Hapo zamani, si ile ya mababu bali hii ya juzi, simu zilipoanza kujibu maswali ya watu, aliishi Shinyanga mjane aitwaye Nyanzobe. Alikuwa na mabinti wawili: Kwandu mkubwa na Minza mdogo. Aliuza ng'ombe wake akawaambia, "Nataka kununua hisa. Atakayenionyesha kampuni nzuri, huyo nitamwandika mrithi wa hisa hizo."

Minza akaiuliza akili mnemba ya bure kwenye simu yake. Akauliza faida, akauliza madeni, akauliza wenye hisa hugawiwa nini. Siku ya nne akasema, "Mama, nunua hisa za kampuni ya mafuta ya alizeti, ile ya Singida. Miaka mitano imegawa faida bila kukosa."

Mama akapiga vigelegele. "Huyu mtoto ana kichwa!"

Kwandu roho ikamuuma. Miaka yote aliyokamua ng'ombe wale, nani alimpigia vigelegele?

Akapanda basi hadi Singida, kumtafutia mdogo wake aibu. Akaipata. Geti la kiwanda lilikuwa na kufuli. Mama lishe wa pale akamwambia, "Dada, huu ni mwezi wa nne hawajakamua hata mbegu moja."

Kwandu akarudi anachekelea, akanyamaza siku tisa. Akajiambia, "Acha mama anunue, amjue huyo Minza wake."

Siku ya kwenda kwa dalali wa hisa, mama akafunga pesa kibindoni. Mlangoni kwa dalali akaanza kulifungua fundo. Kwandu akashindwa kuvumilia. "Mama, usinunue! Kiwanda kimefungwa!"

Minza akainama. Chini ya jibu la simu paliandikwa: taarifa hizi ni za mwaka jana, hakikisheni wenyewe. Aliuona mstari huo tangu mwanzo, akauruka, vigelegele visije vikakatika.

Akachambua upya, akapata kampuni ya saruji. Kwandu akaenda kuikagua, akakuta malori yamepanga foleni. Mama akanunua, na mwaka uliofuata faida ikaingia.

"Niandike mimi," akasema Minza. "Bila mimi tusingeijua saruji."

"Niandike mimi," akasema Kwandu. "Bila mimi ng'ombe wako wangepotelea Singida."

"Ulijua siku tisa, dada, ukanyamaza!"

"Na wewe mstari uliuona, ukauruka!"

Mama akashika kalamu. Fomu ya mrithi ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Haya, mnaonisikiliza, kalamu nawapa ninyi. Je, nani alistahili kuandikwa?