Alijimwagia Mwenyewe

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja. Tafadhali msigeuke kumtazama jirani, simsemi mtu wa hapa. Alikuwa mama wa watu, mcha Mungu, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Alilea watoto wake watano, na juu yao akamlea mtoto wa wifi yake, msichana aliyeletwa kwake akiwa na miaka tisa ili asome shule ya mjini.

Msichana yule alikuwa na kovu. Kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, ngozi imekunjamana. Na kovu lile lilikuwa na kisa chake, kisa ambacho ukoo mzima ulikijua, kwa sababu yule mama alikisimulia kila walipokutana. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, Krismasi. "Huyu mnayemwona katulia hivi, alikuwa mtundu huyu! Alikimbilia sufuria ya uji, akajimwagia mwenyewe. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, viatu vikanitoka njiani." Watu wanacheka, wanamsifu mama. Na yule binti, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, anatabasamu na kuvuta mtandio kufunika mkono.

Kisa kilisimuliwa hivyo miaka thelathini.

Siku moja, wakati wageni walioleta mahari nyumbani kwa mama wanakula, kisa kikasimuliwa tena, na binti hakutabasamu. Alimfuata mama jikoni, akamwambia taratibu, "Mama, kweli hukumbuki?"

"Nikumbuke nini, mwanangu?"

"Mimi sikujimwagia. Wewe ndiye uliyenimwagia."

Jamani! Yule mama akatafuta kichwani mwake, akatafuta kwa haki kabisa, asione kitu. Aliona sufuria. Aliona mtoto anakimbia. Aliona viatu vyake njiani. "Mwanangu, nani kakutia maneno hayo? Hebu tuombe." Akamwekea mkono kichwani, akamwombea aondokewe na roho ya uchungu.

Mnasikia? Alimwombea! Na hakuwa anaigiza, aliomba kwa moyo wake wote. Binti akaitikia amina, akaenda zake.

Ikapita kama miezi miwili. Akafariki jirani yake wa zamani, kule kwenye kota za reli walikokaa enzi za mumewe. Tangu wahame hakuwa amekanyaga huko. Waombolezaji walikuwa wengi, kwa hiyo uji wa asubuhi ukapikwa nyumba ya pili. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa yake. Jiko lile lile, dirisha la wavu, sakafu iliyopasuka pembeni. Akapewa mwiko akoroge.

Chumbani mtoto mchanga akaanza kulia. Mama akageuza kichwa. Uji ukafura, ukamwagikia makaa, shaaa! Moshi ukapanda, na ile harufu ya uji wa mtama ulioungua ikamwingia puani.

Mkono wake ukainuka wenyewe.

Hapo, ndugu zangu, ndipo alipoona. Alimwona mtoto wa miaka tisa amesimama mlangoni na daftari mkononi, uji umemuungulia kwa sababu alikuwa anasoma. Mtoto mchanga ana homa, analia tangu alfajiri. Mume hajarudi, siku ya tatu hiyo. Akaliona bakuli la uji wa moto likitoka mkononi mwake yeye mwenyewe. Kisha akasikia sauti, na ilikuwa sauti yake, njiani kwenda hospitali: "Wakikuuliza, sema ulijimwagia mwenyewe. Umesikia? Sema!"

Mwiko ukaanguka. Wanawake wakamdaka wakidhani ni majonzi. "Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Kazi ya Mungu! Aliwaponyoka, akatoka nje.

Mtu anasahauje jambo kama lile? Nawauliza ninyi. Anasahau kwa kusema lingine mahali pake, tena na tena, mpaka la kweli likose pa kupitia. Na akahama nyumba, asikutane tena na chochote cha kumkumbusha.

Mama yule, wa mwisho kuondoka msibani, siku hiyo hakungoja hata mazishi. Alipanda basi mpaka kwa binti. Akamkuta uani anapepeta mchele.

"Nimekumbuka," akasema, hata hajakaa. "Ni mimi."

Binti hakuinua macho. "Nilikuwa nimesimama wapi?"

"Mlangoni. Ulikuwa umeshika daftari."

Ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa. Binti akakaa chini vumbini, akalia kama mtoto. Mama akapiga magoti, akaanza kuomba msamaha, lakini yule binti akamziba mdomo.

"Msamaha nilikupa zamani, Mama. Sikiliza. Mwezi uliopita mwanangu aliniuliza habari ya kovu hili. Nikamjibu kwamba nilijimwagia mwenyewe. Na nilipokuwa nasema, nikaona! Nikajiona kabisa naikimbilia sufuria. Nikadhani naingia wazimu."

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Wapendwa, mama huyu aliwapita wahenga! Alisahau yeye, halafu nusura amsahaulishe na mtoto. Akamchoma mkono, kisha akamnyang'anya hata kumbukumbu ya nani aliyemchoma.

Na sisi? Kila Jumapili tunaungama dhambi tunazozikumbuka. Zile tulizozisahau tunaziita usafi wa moyo. Mtu akitujia na jambo tunamjibu, "Mimi? Sikumbuki," kana kwamba kutokumbuka ni sawa na kutotenda. Tena wengine tunamwombea! Ni kisa gani cha mke wako unachokisimulia kila mwaka huku yeye akiangalia chini? Ni kipi cha mdogo wako? Nani kwenye meza yako anacheka kwa mdomo tu?

Sisemi usubiri harufu ikukumbushe. Leo, kabla ya chakula cha mchana, mwendee mtu mmoja uliyewahi kuishi naye. Mwulize, "Kuna jambo nililokutendea, nikalisahau?" Kisha funga mdomo. Usijitetee, usimfundishe, usimwombee. Msikilize mpaka amalize.