Kiti Hakijapata Moto

Ndugu zangu, fungeni Biblia kidogo, mnisikilize.

Alikuwapo mtaalamu mmoja wa maabara katika hospitali ya wilaya. Kazi yake ilikuwa kupaka damu za watu kwenye vioo vyembamba na kutafuta vimelea vya malaria kwa hadubini. Aliijua kazi hiyo kuliko wenzake wote, na chama cha wataalamu wa maabara kilikuwa kimemwita mkoani kumkabidhi cheti cha umahiri.

Asubuhi ya safari, mkewe akamfuata kazini. Alikuwa amejifunika khanga mbili na bado anatetemeka. Mume akamtoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo, akashika penseli, maana wino huyeyuka kwenye dawa na penseli haifutiki.

"Nikuandike namba gani?"

"Tangu lini mimi nimekuwa namba? Andika mke wangu."

Akacheka, akaandika hivyo hivyo kwenye ncha ya kioo. Kioo kilipokuwa tayari, gari la chama lilikuwa linapiga honi nje. Akakaa, akainama kwenye hadubini, akainuka.

"Huna kitu, mama. Uchovu tu. Nenda kalale."

"Umeshamaliza? Hata kiti hakijapata moto!"

Aliporudi na cheti chake, alikuta turubai limefungwa uani kwake na watu wamekaa chini. Wakamwambia ni mapenzi ya Mungu. Naye akaitikia, ni mapenzi ya Mungu.

Mwaka uliofuata cheti kilitakiwa kuhuishwa kwa mtihani. Wote walijua vioo vya mtihani hutoka wapi: chama huvikusanya kutoka kwenye maghala ya hospitali, vioo vya wagonjwa vilivyokwisha kusomwa, na kubandika karatasi juu ya maandishi ya zamani.

Akaingizwa chumbani peke yake. Msimamizi alikuwa mama mmoja asiyemfahamu, amejifunika khanga hadi kidevuni ingawa chumba kilikuwa na joto la kutoa jasho. Vioo vya mwanzo alivisoma kirahisi. Alipoweka cha mwisho, vidole vyake vikapata baridi. Akakisogeza taratibu, huku na huku, kwa muda mrefu. Kila alipotazama, vimelea vilikuwa vimejaa. Huruma ikamwingia moyoni.

"Mgonjwa huyu ni wa kulazwa sasa hivi," alisema. "Asirudishwe nyumbani."

"Una hakika?"

"Hata mwanafunzi angeona. Kwani aliyekisoma mara ya kwanza alisemaje?"

"Alisema uchovu tu."

Mtaalamu hakumtazama yule mama. Ukucha wake ulikuwa umeshaanza kuibandua ile karatasi. Chini yake palikuwa na penseli, mwandiko wake mwenyewe: *mke wangu*.

"Umefaulu," alisema yule mama. "Leo kiti kimepata moto."

Msiniulize yule mama alikuwa nani. Niulizeni kwa nini mtu yule yule, kwa macho yale yale, aliona siku ya mtihani asichokiona siku ya mkewe. Je, hakuwa na ujuzi? Alikuwa nao. Chama hakikukosea kumpa cheti. Hapo ndipo panaponitisha mimi, ndugu zangu: alijua.

Na sisi tuna vyeti vyetu. Cha ubatizo, cha ndoa, cha uzee wa kanisa. Askofu akija kutukagua, nani asiyejua kuinama vizuri? Lakini wa nyumbani akisema "leo sijisikii vizuri," tunamjibu tukiwa wima, na jibu tunalo kabla hajamaliza. Akishatutoka, tunamtwisha Mungu mzigo wetu.

Leo baada ya ibada kuna mtu atakayekwambia kitu kidogo. Hatakuwa na karatasi ya mtihani usoni. Utamtazama kwa muda gani?

Nawaona wengine mmeshashika funguo za gari.

Ketini.