Mngurumo Uliofika Busiu

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni kipande chembamba cha ukindu ambacho wanawake hushonea mikeka. Hauna meno, hauna sumu, wala haujapata kumuua mtu. Lakini ukiwa umelala njiani, mtu aliyewahi kuumwa ataruka kando, na wenzake watamcheka. Wanaocheka ni wale ambao meno ya nyoka wanayasikia tu. Ashiraf wa Mafubira alikuwa mmoja wao, mpaka siku alipokwenda kujitambulisha ukweni.

Ashiraf alikuwa kijana mpole, fundi wa mitambo mjini Jinja, na mapenzi yake yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa Shakirah, binti wa Busiu aliyeuza vitambaa katika duka moja la jumla mjini Mbale. La pili lilikuwa pikipiki za zamani za jeshi. Wengine hufuga njiwa. Ashiraf na wenzake walifufua vyuma. Kila Jumapili walikutana nyuma ya nyumba yake: Norman, askari magereza kutoka Kumi, mwenye kicheko kama ngoma ya harusi, na Ritah, polisi wa trafiki, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi lakini mikono yake iliijua spana kama ulimi unavyoyajua meno.

Pikipiki aliyoipenda Ashiraf kuliko zote aliikuta katika ua wa jirani, imegeuzwa kiota cha kuku. Ilikuwa ya Kirusi, nzito kama ng'ombe dume, na ubavuni ilikuwa na kigari cha abiria chenye gurudumu lake. Ndani ya kigari hicho kuku alikuwa anaatamia mayai. Ashiraf alingoja vifaranga waanguliwe ndipo akaichukua, kwa kuwa alikuwa na moyo wa namna hiyo. Kisha akaanza kuikwangua kwa msasa, rangi ya bluu, chini yake nyekundu, na chini kabisa kijani cha jeshi. Alipoifikia ile kijani alipiga kelele za furaha kama mtu aliyechimba kisima akaona maji.

Ilipowaka kwa mara ya kwanza, Ritah alipiga makofi, lakini Norman alitikisa kichwa.

"Ashi, hii sauti si yake. Umeifungia bomba la bodaboda. Inalia kama mbuzi."

"Si inatembea, afande?"

"Kutembea hata kobe anatembea! Pikipiki ya jeshi lazima uisikie ingali mbali. Jogoo asiyewika ni jogoo gani?"

Kwa watu wa kundi lile, neno hilo lilikuwa na uzito. Sheria yao ilikuwa moja tu: kitu kirudi kama kilivyokuwa. Basi Ashiraf akatafuta picha za zamani, akakata bati, akakunja, akachomelea, akafungua na kuchomelea tena, mpaka bomba la kutolea moshi likawa sawasawa na la enzi zile. Alipoiwasha, mngurumo mzito ulitoka, dugu-dugu, dugu-dugu, kama moyo wa jitu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita njiani na baiskeli yake alisimama ghafla, akaitazama ile pikipiki, kisha akageuza baiskeli na kurudi alikotoka. Norman alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Umeona? Hata wazee wanaitambua!"

Ashiraf naye alicheka. Hakujiuliza kwa nini mzee yule hakuwa amecheka.

Siku ya kujitambulisha ilipokaribia, Shakirah alimpigia simu kumpa nasaha.

"Sikiliza, Ashi. Kwetu mwenye neno ni Kukhu." Hivyo ndivyo walivyomwita bibi yake, Nulu, aliyemlea tangu utotoni. "Akisema hapana, hata baba hawezi kusema ndiyo. Kuna mmoja alikuja mwaka juzi, akakohoa bila kuziba mdomo. Alirudishwa na soda yake mkononi."

"Nitaziba mdomo hata nikipumua," alijibu Ashiraf, na wote wakacheka.

"Na tena, Kukhu hapendi Kiswahili. Redio ikisema Kiswahili anaizima."

"Kwa nini? Kiswahili kimemkosea nini?"

"Hajasema. Tumemzoea hivyo tu."

Ashiraf alipomweleza Norman, ambaye ndiye angekuwa msemaji wake, Norman alijipiga kifua. "Bibi nitamweza mimi. Nitamchekesha mpaka atupe na kuku wa njiani."

Siku yenyewe walitoka Jinja asubuhi, pikipiki tatu, wamevaa makoti ya kijani na kofia za chuma zilizong'arishwa. Walipita Iganga, wakashika barabara ya Tirinyi, wakavuka bonde la Mpologoma ambako wakulima wa mpunga waliinua majembe na kuwapungia. Mbale ilipotokea chini ya majabali ya mlima Wanale, Ashiraf alihisi kifua chake kimejaa kama tanga. Kwenye kigari cha pembeni alikuwa amepakia zawadi: gomesi, lile vazi refu la kike la sherehe, ya hariri ya Kukhu, sukari, sabuni, na jogoo mweupe aliyefungwa miguu. Kutoka Mbale wakashika njia ya Tororo, na baada ya muda mfupi wakaingia Busiu, dugu-dugu, dugu-dugu, katikati ya mahindi na migomba.

Uani kulikuwa na hema na viti. Vijana wa ukoo walishangilia. Kama ilivyo desturi katika shughuli hizi, mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa makusudi, ili wageni wabembeleze na kutaniwa kabla ya kukaribishwa. Shakirah na shangazi zake walikuwa chumba cha nyuma wakijipamba. Kukhu Nulu alikuwa sebuleni na wajukuu wadogo. Ashiraf hakuzima injini. Alitaka waisikie vizuri.

Norman, koti limefungwa mpaka shingoni, aliuendea mlango. Akaupiga kwa ngumi mara kadhaa, na kwa sauti yake ya gerezani, kwa Kiswahili, akanguruma:

"Fungua mlango! Fungua! Tumekuja kuchukua mtu!"

Watu wote uani waliangua kicheko. Huo ndio mzaha wa siku zote wa watu wanaokuja kuposa.

Ndani kulisikika kitu kizito kikiburutwa, kisha kimya. Kicheko kilianza kufifia, kiti kimoja baada ya kingine. Ndipo komeo lilipovutwa taratibu.

Kukhu Nulu alitokea akiwa ameweka mkono mmoja kichwani. Mkono wa pili ulishika viatu vyake. Aliinama, akavipanga kizingitini, kimoja kando ya kingine, kwa utulivu wa mtu aliyeifikiria kazi hiyo kwa miaka mingi. Kisha akainua mikono yote miwili, akatembea peku mpaka mbele ya Norman, macho yake yakitazama chini. Akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumsikia akiitamka:

"Chukua mimi, afande. Watoto hapana. Watoto wacha. Mimi nakwenda."

Norman alirudi nyuma hatua moja. Kukhu akampita, akaenda moja kwa moja kwenye kigari cha pembeni, akasimama hapo akingoja kuamriwa aingie. Hakulia.

Shakirah alitoka mbio, nywele nusu zimesukwa. "Kukhu! Kukhu, ni mimi! Huyu ni Ashiraf!"

Kukhu hakumsikia. Alikuwa anasikia kitu kimoja tu. Ndipo Ashiraf alipotambua kwamba injini yake bado inanguruma. Mkono wake uligonga tangi, ukakosa, ukatafuta tena, mpaka akaizima. Mama yule alipepesa macho, akamtazama mjukuu wake kana kwamba amefufuka, akaanza kuanguka, na wanawake wakamdaka.

Watoto walipatikana chini ya kitanda. Godoro lilikuwa limeshushwa kuwafunika, na mdogo wao alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikataa kuviondoa.

Adrisi, baba yake Shakirah, alitoka ndani akiwa amebadilika rangi. Hakupaza sauti. "Mimi nilikuwa mtoto wa kunyonya wanajeshi walipomchukua baba yangu, asirudi tena," alisema. "Sijawahi kuambiwa walikuja na nini. Leo nimejua. Vijana, rudini Jinja."

"Mzee, sikujua," alisema Ashiraf.

"Ndiyo. Hukujua. Rudini."

Norman alikuwa amevua kofia ya chuma na koti, ameketi chini kwenye vumbi, mtu mzima yule, akilia kama aliyefiwa. Ritah alimshika mkono akamwinua.

Ashiraf hakuthubutu kuiwasha pikipiki. Aliisukuma. Ile nzito kama ng'ombe dume aliisukuma kwa kifua na mabega, Ritah na Norman wakisukuma zao nyuma yake, kupitia mahindi mpaka kwenye lami. Huko akaliacha koti lake la kijani, akarudi peke yake kwa miguu. Hakuingia. Hakubisha. Aliketi nje ya ua, kwenye nyasi. Mvua ya mlimani ikaja ikampiga, ikapita, naye bado alikuwa pale. Alijua kwamba Shakirah amempotea, na lililomchoma zaidi ni kwamba alikuwa amekunja bati lile kwa mikono yake mwenyewe, akiimba.

Jua lilipoanza kuegemea, Kukhu Nulu alitoka, Shakirah akiwa amemshika. Bado alikuwa peku. Alimtazama kijana aliyelowa, akasema kwa Kigisu, lugha ya kwao, na Shakirah akatafsiri.

"Anauliza, kile kitu umekipeleka wapi?"

"Kiko barabarani, Kukhu. Nimekisukuma. Hutakisikia tena."

Kukhu akasema tena kwa Kigisu. "Anasema ukirudishe," Shakirah alitafsiri, naye mwenyewe akashtuka. "Kukhu, kwa nini?"

"Kirudi. Kisilie," alijibu Kukhu.

Basi Ashiraf na wenzake wakakisukuma tena mpaka uani, watu wote wakikiangalia kama jeneza. Kukhu akaelekeza kwa kidole: hapa, hapana, pale, kigeuke hivi. Aliwasimamisha karibu na kona ya nyumba, kigari kikitazama njiani. Kisha, kabla hawajamzuia, akaingia ndani ya kigari akaketi.

"Mume wangu Magid alikuwa mrefu," alisema, Shakirah akitafsiri. "Magoti yake hayakuenea humu. Walimwambia avue viatu, akavipanga mlangoni kama mtu anayeingia msikitini. Mimi nilikuwa kwenye migomba na huyu." Alimwonyesha Adrisi. "Nilimziba mdomo asilie. Nilimziba mpaka nikaogopa nimemuua. Magid akageuza shingo, akatazama nyuma. Miaka yote hii nimejiuliza alikuwa anatazama nini. Nilidhani alikwenda akiamini wametupata sisi pia."

Taratibu, aligeuza shingo yake, akatazama nyuma kupitia bega la kushoto. Watu wote wakageuka naye. Migomba ile ile, iliyochipua na kukatwa na kuchipua tena, ilisimama pale kando ya nyumba. Katikati yake palikuwa na upenyo, na kwenye upenyo huo mtoto mmoja alikuwa amechutama, anachezea tope. Kutoka pale kigarini alionekana waziwazi, hata kamasi zake.

Kukhu Nulu aliuweka mkono mdomoni.

"Kumbe alituona," alisema. "Kumbe alijua tuko salama."

Sasa ndipo alipolia. Adrisi alipiga magoti kando ya gurudumu akakiweka kichwa chake mapajani mwa mama yake. Hakuna aliyemuuliza Ashiraf kama pikipiki hiyo ndiyo ile iliyomchukua Magid, naye hakujua, na hata leo hajui.

Alichofanya ni kwenda kizingitini, akavichukua vile viatu, ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amethubutu kuvigusa, akavileta. Akachutama akamvisha mama yule, kimoja kimoja. Kukhu alimwacha amvishe. Kisha akamwambia, kupitia kwa Shakirah, "Siku ya harusi, uje kwa miguu."

Ashiraf alikwenda kwa miguu, kutoka Busiu senta, penye maduka, kanzu yake ikikusanya vumbi. Bomba la moshi alilolitengeneza alikuwa ameshalikata vipande, na pikipiki imefungwa tena lile la boda linalolia kama mbuzi. Norman alivaa kanzu ya kuazima iliyomfika magotini, hakuusogelea mlango. Alisimama mbali, mikono ikiwa wazi, akasema salamu ya Kigisu ya kutakiana amani, aliyokuwa ameifanyia mazoezi njia nzima: "Mulembe, Kukhu." Kukhu aliitazama mikono ile. Akajibu, "Mulembe," kisha akaongeza kitu kilichowafanya wanawake wacheke kanzu ile.

Walipokuwa wanakula, boda moja ilipita barabarani, injini yake ikapasua mlio kama baruti. Sahani ya Kukhu Nulu ilianguka. Mkono wake uliruka ukamshika Ashiraf kwa nguvu, kucha zikamwingia. Baadhi ya vijana waligeuka, wakaanza kutabasamu. Ashiraf hakutabasamu, wala hakumwambia kwamba ni boda tu. Aliuacha mkono ule ukae pale mpaka ulipotulia wenyewe, kwa kuwa sasa alikuwa amejua: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.